Kwa Nini Insha Zote Huanza kwa Jogoo Kuwika

Swali: Mwalimu, ninafundisha Kiswahili Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa huku Kakamega. Darasa moja lina wanafunzi 58. Kila nikiwapa insha, nusu yao huanza kwa jogoo kuwika na ndege kuimba, hata kama nimewaomba ripoti. Mkuu wa idara ananishauri niwape vielelezo wavishike kichwani, kwa sababu mtihani haumngoji mtu. Chuoni nilifundishwa kwamba insha hufundishwa kwa hatua: kuwaza, kuandika nakala ya kwanza, kurekebisha. Nikijaribu hatua hizo, kipindi cha dakika 40 huisha kabla hatujafika popote, na madaftari yananirundikia. Nishike njia ipi?

Mwalimu mwenzangu, huyo jogoo namjua. Nimekutana naye kwenye madaftari kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimemsikia akiwika mara nyingi kuliko jogoo wa nyumbani kwangu. Akishawika, mwandishi hujihimu, huoga maji fufutende, hupiga mswaki meno yake meupe kama theluji ambayo hajawahi kuiona, hustaftahi, kisha ghafla bin vuu jambo lenyewe hutokea katika mistari minne ya mwisho. Mwaka mmoja nilisoma hotuba ya mwenyekiti wa kamati ya mazingira iliyoanza hivyo hivyo. Mwenyekiti alidamka, akavaa, akaabiri matatu, akafika uwanjani, na alipofungua kinywa ahutubie, karatasi ikawa imekwisha.

Usiwaone wavivu. Wanafunzi wako ni wale waliofanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Insha yao ilikuwa ya dakika 40 na alama 40, na miaka nenda miaka rudi watahiniwa wa mtihani ule walizoea kupewa mwanzo au mwisho wa kisa, wao wakijaza kilichobaki. Katika dakika 40, mtoto wa miaka 13 au 14 hana nafasi ya kutafuta maneno. Huchukua yaliyo mfukoni. Mwalimu wake alimjazia mfuko, naye akautumia, ukamvusha hadi sekondari. Kwa hesabu yake, jogoo ni mali. Wewe unamwambia aitupe, na bado hujampa nyingine.

Kuna sababu nyingine, nayo ndiyo ninayoiona kubwa zaidi. Mtoto huyu amemwona seremala akipiga randa. Amemwona mamaye akisonga ugali, akaona unga unavyoongezwa kidogo kidogo, akaona siku ugali ulipotoka mabonge. Amemwona fundi wa bodaboda akifungua injini, akikosea, akiifungua tena. Mtu akiandika hajawahi kumwona. Yeye huona tu maandishi yaliyokwisha: kitabuni, ubaoni, kwenye karatasi ya kielelezo iliyopigwa chapa. Anaamini kwamba waandishi hutoa sentensi zikiwa zimenyooka, na kwa kuwa zake hazitoki zimenyooka, anaazima za wengine.

Ndiyo maana nasema kwamba wewe na mkuu wa idara hamgombani kwa kweli. Kila mmoja wenu ameshika kipande.

Njia ya mkuu wa idara ni ya kale kuliko zote: mwonyeshe mwanafunzi insha nzuri, aige, umsahihishe. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa. Hatua ulizofundishwa chuoni zilipata nguvu Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtafiti Janet Emig aliwaketisha wanafunzi wanane wa mwaka wa mwisho wa sekondari katika eneo la Chicago, akawataka waseme kwa sauti yale yaliyokuwa yakipita akilini huku wakitunga. Utafiti wake, uliotoka mwaka 1971, ulionyesha kwamba utungaji wao haukwenda kwa mstari ulionyooka kama vitabu vya shule vilivyodai. Mwaka uliofuata Donald Murray, mwanahabari aliyekuwa ameshinda tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari huko Marekani, kwa tahariri zake kabla ya kuwa mhadhiri wa chuo kikuu New Hampshire, aliwahimiza walimu wafundishe uandishi kama mchakato, waache kukagua zao lake tu. Yeye alikuwa ametoka chumba cha habari. Alijua kwamba hata wanaolipwa kwa kuandika hufuta.

Kisha Waaustralia wakaleta upinzani ambao sisi wa shule za kutwa tunapaswa kuusikiliza kwa makini. Katika miaka ya 1980, kundi la wanaisimu wa Sydney, Jim Martin akiwa miongoni mwao, lilifanya kazi na shule za mitaa maskini na ya wahamiaji. Walisema: ukimwambia mtoto "andika unavyojisikia, tutarekebisha baadaye", unamfaa yule ambaye nyumbani kwao kuna magazeti, ripoti na barua za ofisini. Yule ambaye hajawahi kuona ripoti ataandika kisa, kwa sababu kisa ndicho anachokijua. Umbo la matini lazima lifundishwe waziwazi. Mpango wao ulikuwa na sehemu tatu: tuchambue mfano pamoja, tuandike mmoja pamoja, kisha uandike peke yako. Hiyo ya katikati, kuandika pamoja, ndiyo huwa tunairuka. Tunatoka kwenye kielelezo moja kwa moja hadi "haya, andikeni, nakusanya kesho."

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba njia uchague kwa kuangalia insha unayofundisha wiki hiyo.

Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, inakusaidia kuamua. Saa moja na dakika 45, insha mbili, kila moja isipungue maneno 400. Swali la kwanza ni la lazima, nalo kwa kawaida ni la uamilifu: barua, ripoti, kumbukumbu za mkutano, tahariri, hotuba, mahojiano na jamii yake. La pili mtahiniwa huchagua, na hapo ndipo methali na visa huingia. Insha hizi mbili hazilingani hata kidogo katika ufundishaji. Ya kwanza ina sura inayojulikana na msomaji anayejulikana. Hapo tumia njia ya Sydney. Ya pili inataka mwanafunzi atoe kitu chake. Hapo hatua zako za chuoni zina kazi.

Nikupe mfano wa kumbukumbu. Wengi hubandika kielelezo, wanafunzi wakanakili "Waliohudhuria, Waliotuma udhuru, Ajenda", na mambo yakaishia hapo. Mimi niliwafanyisha mkutano. Dakika kumi, wakiwa wameketi walivyoketi, mwenyekiti na katibu wamechaguliwa papo hapo, ajenda ni moja ya kweli: mfereji wa maji uliokauka tangu Jumatatu. Walipiga kelele kama bunge. Kipindi kilichofuata nikachora kichwa cha kumbukumbu ubaoni, nikashika chaki, nikawaambia wao ndio katibu, mimi ni mkono tu.

Kijana mmoja akasema: "Wanafunzi walilia juu ya maji." Nikaandika vile vile. Kisha nikauliza: mwalimu mkuu akiisoma hii mwakani, atadhani nini? Wakacheka. Msichana wa nyuma akasema, "Wanachama walilalamikia ukosefu wa maji." Nikafuta, nikaandika lake. Mwingine: "Uhaba, mwalimu, yanatoka kidogo Jumatano." Nikafuta tena. Nikauliza, basi mkutano uliamua nini? Kimya. Wakagundua kwamba kwa kelele zote zile hawakuwa wameamua lolote. Ilibidi mwenyekiti aitishe mkutano tena kwa dakika tatu ndipo tukapata sentensi: "Ilikubaliwa kwamba katibu amwandikie naibu wa mwalimu mkuu barua kabla ya Ijumaa." Hakuna aliyehitaji kukariri kwamba kumbukumbu hutaja uamuzi, mtekelezaji na siku. Na barua ile ikawa somo la wiki iliyofuata, bila mimi kutunga swali.

Umeona kwamba jogoo hakupata pa kuingilia. Hakuna mtu anayeanza kumbukumbu kwa mapambazuko akishajua zinamfanyia kazi gani anayezisoma.

Sasa insha ya methali. Hapa ndipo kielelezo huharibu zaidi, kwa sababu mwanafunzi hukariri kisa cha mtu mwingine na kukilazimisha kivae methali isiyokitosha. Unajua mtahini anatafuta nini: kisa kionyeshe pande zote mbili za methali. Ukipewa "Mtaka cha mvunguni sharti ainame", pawe na kitu kinachotakwa, na pawe na kuinama. Kisa cha kijana aliyesoma kwa bidii akawa daktari kina kutaka, lakini kuinama hakuna. Hizo ndizo insha zinazoangukia kiwango cha C, mwandishi akashangaa mbona msamiati wake ulimeremeta.

Nilichofanya ni hiki. Niliwaambia wafikirie mtu mmoja wanayemjua, jirani au wa ukoo, aliyekubali kuonekana mdogo ili apate jambo. Kisha dakika tano kalamu isisimame: makosa yaachwe, Sheng ya mitaani iruhusiwe, Kiluhya cha nyumbani kiruhusiwe, mtu akikosa la kuandika aandike "sina la kuandika" mpaka lije. (Najua kuna walimu watakaonikunjia uso kwa hiyo Sheng. Nakala hiyo haiendi kwa mtahini. Inaenda kwa mwenyewe.) Nami niliandika pamoja nao, lakini ubaoni. Nilifuta sentensi yangu ya kwanza mara tatu. Kijana mmoja aliniuliza, kwa wema kabisa, "Kwani mwalimu hata wewe hujui?" Nikamwambia sijui bado. Darasa lilitulia kwa namna ambayo halikuwahi kutulia nikiwa nafundisha sifa za insha bora.

Msichana mmoja alitoa hii: "Mama yangu huamka mapema sana na kwenda sokoni kuuza mboga. Yeye hufanya kazi kwa bidii na hachoki." Ni Kiswahili safi, ila hakuna mtu ndani yake. Kila mmoja alikuwa na kazi ya kumsikiliza jirani yake akisoma, kisha kumuuliza maswali mawili tu kuhusu asichokiona. Jirani yake alimuuliza: huamka saa ngapi, na hizo mboga huzibeba vipi? Wakanong'onezana muda, halafu akaandika upya:

"Saa kumi za alfajiri mama huwa ameshafunga magunia mawili ya sukuma wiki kwa kamba ya katani. Makanga humwambia gunia likikaa kwenye kiti lilipiwe. Mama hulilipia gunia kiti, yeye husimama mpaka sokoni. Zamani alikuwa na duka, na baadhi ya wanaosafiri naye walikuwa wateja wake."

Ni mama yule yule na soko lile lile. Kuinama kumeingia kwenye insha bila neno hilo kutajwa. Na zingatia kwamba hakuongeza tashbihi hata moja. Aliyemsaidia ni jirani yake, kwa maswali mawili. Mimi nilikuwa upande wa pili wa chumba.

Insha za mjadala sitakaa nazo sana. Wape mada, wagawe pande mbili, wabishane kwa mdomo robo saa, kisha kila mmoja aandike akitetea upande alioupinga. Kwa kufanya hivyo hoja ya mpinzani hupata aya yake kamili badala ya kudondoshwa mwishoni kwa "hata hivyo".

Kuhusu dakika 40, naona umejaribu kuzijaza hatua zote katika kipindi kimoja. Hazitoshi, wala hazikukusudiwa kutosha. Insha moja igawe wiki mbili. Kipindi kimoja cha kuwaza na kuandika haraka, kingine cha kusomeana na kuulizana, cha tatu cha kuandika upya, na katikati yake endelea na sarufi na fasihi kama kawaida. Utaandika insha chache zaidi kwa muhula. Mkuu wa idara huenda akauliza. Mwonyeshe nakala ya kwanza na ya tatu ya mwanafunzi mmoja, ukiziweka kando kando, umwache azisome mwenyewe.

Ila na yeye mpe haki yake. Muhula wa mwisho kabla ya mtihani, vielelezo na saa ndivyo vitawale. Mtahiniwa ana kama dakika 52 kwa kila insha, na humo hakuna jirani wa kumuuliza maswali. Mwanafunzi aliyezoea nakala tatu bila kuonjeshwa haraka ya mtihani atakwama ukurasa wa kwanza. Wafundishe wakati huo kutenga dakika tano za kuwaza na tano za kujisoma, na sura za insha za uamilifu wazijue hata wakiamshwa usingizini. Hayo ni ya kukaririwa kweli. Mahali pa anwani katika barua rasmi si jambo la kujieleza mtu hisia zake.

Madaftari sasa. Wanafunzi 58, ukitumia dakika sita kwa insha moja, ni karibu saa sita za kusahihisha. Hakuna mwalimu anayezipata kila wiki akabaki na akili timamu, na matokeo yake unayajua: tunapiga wekundu juu juu, mwanafunzi anaangalia alama, anafunga daftari. Nilijiwekea sheria mbili. Nakala ya kwanza siigusi kwa kalamu. Hiyo ni ya jirani na maswali yake mawili. Nakala ya mwisho naisahihisha nikitafuta kosa la aina moja nililotangaza mapema. Wiki hii ni upatanisho wa ngeli, basi ni "kitabu hii imepotea" na ndugu zake tu ndio wanaoona wino wangu, mengine nayapita hata kama mkono unaniwasha. Kisha wanafunzi kama kumi kwa kila insha, kwa zamu, ndio ninaowaandikia maoni marefu kuhusu maudhui. Kwa insha sita kila mmoja atakuwa amesomwa kikamilifu mara moja, jambo ambalo, tuseme ukweli, halikuwa likitokea tulipokuwa tukisahihisha kila kitu.

Mwanzoni kutakuwa na fujo. Kusomeana huku kutageuka porojo, na kuna watakaomwambia mwenzao "iko sawa tu" ili yaishe. Ndiyo sababu nasisitiza maswali badala ya maoni. Mwanafunzi hawezi kusema "iko sawa" akiwa ametakiwa kuuliza. Aliyeulizwa huyaandika maswali hayo pembeni mwa ukurasa, nawe ukipita unayaona.

Na jogoo je? Usimpige marufuku. Nilijaribu mwaka mmoja. Wakaniletea adhana, wakaniletea kengele za kanisa, wakaniletea miale ya jua ikipenya dirishani. Mwaka uliofuata nikatoa sharti jingine: jogoo anaruhusiwa, mradi awe na kazi katika kisa. Akiondolewa na kisa kikabaki vile vile, basi atoke. Wengi walimwacha kwa hiari. Lakini kijana mmoja wa kiti cha mbele, ambaye kwa miaka miwili alikuwa amewika katika kila insha aliyonipa, alileta insha iliyoanza hivi: "Asubuhi hiyo jogoo hakuwika. Tulikuwa tumemchinja jioni, mjomba alipofika ghafla kutoka Nairobi na habari za mahari ya dada."

Nilisoma hadi mwisho ndipo nikakumbuka kwamba kalamu nyekundu ilikuwa bado mfukoni.